Kumpeleka mtoto kwa mshauri nasaha si kuanika siri za nyumba

Leo tumekusudia kulizungumza jambo ambalo wazazi wengi wa hapa Msasani hutuuliza kwa sauti ya chini, baada ya swala, watu wakishatawanyika. Kauli yao huwa moja: "Sheikh, mtoto huyu amenishinda."

Yupo ambaye kijana wake ameacha shule na madrasa kwa wiki moja. Yupo ambaye binti yake hazungumzi na mtu tangu baba yake alipofariki, wala hali mpaka alazimishwe. Mwingine hukuta fedha zimepungua mkobani, na kijana hurudi usiku wa manane akinuka bangi. Hawa si watu wa tabaka moja. Msasani yetu ina wavuvi wa pwani, ina wapangaji wa Bonde la Mpunga, na ina wenye nyumba za geti kuelekea Masaki. Jambo hili limeingia kote humo, ingawa wenye mageti huchelewa zaidi kulisema.

Tukiwauliza wamekwisha kufanya nini, majibu hufanana. Kwanza kiboko. Kisha mtoto hupelekwa kijijini kwa bibi yake, kana kwamba kilichomo moyoni mwake kitashushwa stendi ya Mbezi naye aendelee na safari bila nacho. Mwisho huja mganga, kwa jina hilo au kwa jina jingine lililovishwa kanzu. Ni wachache mno waliofika kwa mtu aliyesomea nafsi za watoto na mambo ya malezi. Sisi tunaona kuwa mtu huyo alipaswa kuwa miongoni mwa wa mwanzo kuendewa, na tunalisema hilo hali ya kuwa sisi wenyewe ni watu wa mimbari.

Huenda jina lenyewe ndilo linalowatisha watu. Maneno "ushauri nasaha" yalienea sana nchini mwetu pamoja na upimaji wa virusi vya UKIMWI, hata wengi wakidhani kuwa anayeingia chumba hicho anakwenda kupokea majibu mazito. Lakini nasaha ni neno letu la tangu asili. Katika hadithi ya Tamim Ad-Dariy aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) aliieleza dini kwa neno hilohilo. Na ukitaka kuona namna nasaha inavyotolewa kwa kijana, itazame hadithi ya Abu Umama iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad. Kijana alimwendea Mtume akaomba aruhusiwe kuzini. Waliokuwepo wakamkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamkalisha, akamuuliza kama angeridhia jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi na kwa mama yake mdogo, na kila mara kijana akijibu mwenyewe kuwa hapana. Kisha akamwekea mkono na kumuombea dua. Waliokemea walikuwa na haki ya kuchukia dhambi, lakini aliyemponya kijana ni yule aliyemuuliza na kumsikiliza.

Sasa tuje kwenye pingamizi kubwa. Wazazi husema: kumsimulia mtu baki aibu za mwanangu si kusengenya? Si kuvunja sitara ya nyumba? Swali hili ni la kisheria na wanazuoni walikwisha kulijibu. Imam An-Nawawi amezitaja hali sita ambazo ndani yake kumtaja mtu kwa asilopenda kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni kutaka msaada wa kuondoa baya, na kuomba fatwa. Dalili yake inajulikana: Hind bint Utba alimlalamikia mumewe, Abu Sufyan, mbele ya Mtume kuhusu matumizi ya nyumba, wala hakukemewa kwa kumtaja. Alipewa jibu. Basi mama anayemweleza mshauri kuwa mwanawe anavuta bangi hasengenyi, maadamu amesema kwa anayeweza kusaidia na kwa kadiri ya haja. Kusengenya ni pale habari hiyo inapofika kibarazani kwa jirani. Na huyo mshauri naye amefungwa na maadili ya kazi yake kutunza anachoambiwa, kama sisi tulivyofundishwa kuwa vikao ni amana. Mshauri anayesimulia habari za mteja wa jana kwa mteja wa leo, ondoka kwake.

Wengine hutwambia kuwa mtoto ana jini, anahitaji kisomo. Hatukatai kisomo. Qur'ani ni ponyo na rehema kwa waumini, na mzazi amsomee mwanawe kila usiku bila kumlipa mtu. Lakini Mtume aliyetusomea ruqya ndiye aliyetuamrisha kutafuta matibabu, na akatujulisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Wazee wetu wa elimu walilifahamu hilo mapema. Abu Zayd Al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu chenye sehemu mbili, moja ya afya ya mwili na nyingine ya afya ya nafsi, akaeleza ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi, na namna ya kuvitibu. Hospitali ya Sultan Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Tukisema wote hao wamepandwa na majini, tutakuwa tumewasingizia majini.

Ni nani basi wa kuendewa? Hapa tunayo hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, huyo hubeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Kwa hiyo muulize mtu: umesomea nini, na wapi? Hiyo si jeuri. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha wanasaikolojia wa tiba, na hospitali ya Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Kwa sisi wa Kinondoni, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala iko karibu zaidi, na kwa vijana walionaswa na heroini ina kliniki ya methadoni. Manispaa ina maafisa ustawi wa jamii ambao watu huwakumbuka siku ya kesi ya matunzo tu, ilhali migogoro ya mzazi na mtoto ni kazi yao pia. Mwenye mtoto mwenye utindio wa ubongo ana CCBRT hapahapa Msasani. Ipo pia simu ya watoto, namba 116, isiyo na malipo. Washauri binafsi wa Masaki na Oysterbay wapo, na wazuri wamo, lakini ada zao si za kila mtu. Anayeahidi kumbadilisha mtoto kwa kikao kimoja, wa hospitali au wa kilinge, msimwamini.

Na mtoto akitamka kuwa anataka kujiua, asiambiwe kuwa amekufuru akaachwa. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Tunaulizwa pia kama inafaa mshauri asiye Muislamu. Inafaa, akiwa mjuzi na mwaminifu. Katika Hijra, Mtume na Abu Bakr walimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia, naye alikuwa bado katika dini ya Makuraishi, na kichwa cha Mtume kilikuwa kimetangaziwa zawadi. Mzazi amweleze mshauri huyo mapema kuwa nyumba hii ina swala, ina funga na ina mipaka. Mwenye kuijua kazi yake huyazingatia hayo. Kwa binti aliyebaleghe, atafutwe mshauri wa kike. Akikosekana, mama awepo karibu na mlango usifungwe.

Wazazi, hasa wa kiume, jiandaeni kwa jambo moja. Mshauri mzuri hataishia kwa mtoto. Atataka kujua baba hurudi saa ngapi, nani hula na watoto, maneno gani husemwa mama na baba wakigombana. Tumewaona akina baba wakikasirika hapo na kuondoka, wakisema wamemleta mtoto, hawakujileta wao. Lakini aya ya 6 ya Surat At-Tahrim imeanza na nafsi zetu kabla ya kutaja ahli zetu.

Atawauliza pia kuhusu kiboko. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na sisi Waislamu tusijitoe katika hesabu hiyo. Kila tukilisema hili, tunajibiwa kwa hadithi ya kumpiga mtoto wa miaka 10 asiyeswali. Wanaoitaja huruka mwanzo wake, kwamba ameamrishwa swala tangu akiwa na miaka 7. Hiyo ni miaka mitatu ya kufundisha, swala tano kwa siku, yaani zaidi ya mara 5,000 za kuitwa kwa wema. Kisha wanazuoni wakaweka masharti: isiwe ya kuumiza, isiwe ya usoni, isiwe ya ghadhabu. Na Bibi Aisha amesimulia kuwa Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Ni baba gani amemwita mwanawe mara 5,000 kwa upole, ndipo akainua fimbo?

Linabaki suala la gharama. Mvuvi anayeuza samaki wake asubuhi kwa fedha ya kula mchana hatapata nauli ya kwenda Muhimbili kila wiki, na matibabu ya nafsi huhitaji kurudi mara nyingi. Mafakiri na masikini ndio wa kwanza kutajwa katika aya ya 60 ya Surat At-Tawba, na matibabu ni katika haja zao za lazima. Kamati zetu za misikiti hununua mazulia na vipaza sauti kila mwaka. Tunaziomba zitenge fungu kwa ajili ya nauli na ada hizo, ziwe na majina ya washauri watatu au wanne waliokwisha kuulizwa elimu yao, na wa kike wakiwemo. Mweka hazina amkabidhi mzazi fedha hizo bila kuandika jina la mtoto.