Sehemu saba kwa siku moja? Hapana, jamani!

Leo sitaandika msimbo. Leo nina hasira, na hasira yenyewe naanza nayo kwangu mimi mwenyewe, kisha kwenu waandishi wa programu wenzangu, kisha kwa wale wote wenye wimbo wa "ingia mtandaoni, kila kitu kipo." Kila kitu hakipo. Nipeni dakika chache niwaonyeshe.

Kisa ni hiki. Mama yangu anaishi Kilifi. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akipanda matatu kwenda Malindi kununua leso za kuuza, na kila safari alimsikia makanga akiita, "Gede! Wa Gede wajitayarishe!" Watu walishuka, gari likaondoka, yeye akabaki kitini na mizigo yake. Hakuwa na shughuli Gede. Halafu Julai 2024 UNESCO ikauingiza mji wa kale wa Gede katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mama akasikia habari hiyo redioni, akaniuliza: "Hivi huko ndani kuna nini, ambacho dunia nzima imekiona na mimi sijakiona?"

Swali la mama halijibiwi kwa kiungo cha wavuti. Nikamwahidi siku moja ya matembezi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Badala ya kuuliza watu, nikafungua programu moja ya akili unde kwenye simu (jina lake sitalitaja, na zote ni ndugu). Nikaandika: nipangie siku moja ya kutembelea sehemu za kihistoria kuanzia Kilifi hadi Malindi. Sekunde chache tu, jibu hilo! Sehemu saba: magofu ya Mnarani, magofu ya Gede, mradi wa vipepeo wa Kipepeo, daraja la mbao kwenye mikoko ya Mida, kanisa dogo la Wareno pale Malindi, nguzo ya Vasco da Gama, na mwisho Marafa kutazama korongo la Nyari wakati wa machweo. Kila sehemu na dakika zake. Ratiba ilikuwa nzuri mno, hata nikaona fahari kana kwamba nimeiandika mimi.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Ratiba ilitupa dakika 15 za kuendesha gari kutoka magofu ya Gede hadi Kipepeo. Ndugu zangu, Kipepeo iko ndani ya uwanja uleule wa magofu ya Gede! Unakwenda kwa miguu. Mida tulifika maji yamejaa, wakati mama alitaka kuwaona ndege wanaokula topeni, na ndege hao hula maji yakipwa. Gede kwenyewe tulikaa dakika 40, kwa sababu ratiba ilisema 40, nami nilikuwa nikimhimiza mtu mzima mwenye goti bovu: "Mama, twende, tutachelewa." Tutachelewa wapi? Marafa hatukufika kabisa. Jua lilituzamia Malindi tukiwa kwenye foleni ya magari.

Usiku tukirudi, mama akavua viatu ndani ya gari, akasema kwa upole: "Ahsante mwanangu. Leo nimeiona barabara."

Basi. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Turudi kwenye kompyuta kidogo, maana najua wengine mmekuja kwa ajili hiyo. Kupanga safari ya sehemu nyingi ni tatizo ambalo kila mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hukutana nalo: muuzaji anayesafiri apite miji yote kwa njia fupi kuliko zote. Sehemu saba zina mipangilio 5,040. Kwa mtu ni mingi, kwa simu yako si kitu, itaipitia yote kabla hujapepesa jicho. Lakini angalia tatizo lenyewe linavyosema: *punguza umbali, pita kote*. Nani aliyesema mama anataka kupita kote? Nani aliyesema umbali ndio gharama kubwa? Kwetu siku ile gharama zilikuwa goti, jua la saa saba, maji ya Mida na matatu isiyoondoka mpaka ijae. Mashine ilitatua kwa ufundi mkubwa tatizo ambalo hatukuwa nalo.

Mtaniambia, "Usilaumu programu, laumu data." Sawa kabisa! Nakubali, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Programu hizi zimekulia kwenye miji yenye ratiba. Chukua Kamakura, mji wa kale wa mahekalu nchini Japani. Mtu wa Tokyo anapanda treni asubuhi, saa moja hivi yuko Kamakura. Kuna kitreni cha Enoden kinachompeleka hadi Hase, anatembea kidogo, yuko mbele ya Buddha Mkubwa wa shaba wa karne ya 13. Treni zina saa zake zilizoandikwa. Kila kipande cha safari hiyo kimeshawekwa katika muundo ambao kompyuta inausoma. Kwa hiyo ukiiomba programu ikupangie siku ya Kamakura, inajibu kwa kitu inachokijua. Ukiiomba ikupangie siku ya Gede, inachukua umbo la siku ya Kamakura na kubandika majina yetu juu yake. Dakika 15 hapa, dakika 40 pale. Inajaza pengo, wala haisemi kwamba inajaza pengo.

Na msidhani Gede ni mdogo mbele ya Kamakura. Wakati Buddha yule anasubuliwa, Gede ulikuwa tayari mji. Ulifikia kilele chake karne ya 15, ukiwa na jumba la mtawala, msikiti mkuu wa Ijumaa, nyumba za mawe ya matumbawe zenye visima na vyoo, na kuta mbili, ya ndani na ya nje. Karibu na jumba liko kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman alipochimba kuanzia 1948 hadi 1958, zilipatikana kaure za Kichina na shanga za Venice, na nyumba zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu ya Kichina. Kisha katika karne ya 17 watu wakauhama mji, msitu ukaufunika. Huo ndio mji ambao programu iliupa dakika 40.

Sasa nawageukia nyinyi waandishi wa programu wa pwani na wa Nairobi. Kila mashindano ya vijana wa teknolojia lazima itokee timu moja yenye "programu ya utalii". Nami niliwahi kuwa kwenye timu ya namna hiyo, sikatai. Picha ya ufuo, kitufe cha "panga safari", kitufe cha kulipa kwa M-Pesa, makofi. Ukiuliza data inatoka wapi, jibu ni kwamba tutaivuta kutoka kwenye mtandao. Mtandao upi? Ule ambao sisi wenyewe hatujauandikia? Tunateka maji kwenye kisima ambacho hakuna aliyekichimba!

Tena hatuwezi kusema kazi hii haiwezekani, kwa sababu ilishafanyika hapahapa Kenya. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliuchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuiongezea. Mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, wenye watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa vyuo vya Marekani, ulitoa ramani ya njia za matatu za Nairobi. Waliikusanya kwa kupanda matatu zenyewe na simu mkononi, kituo baada ya kituo. Mwaka uliofuata njia hizo zikaonekana kwenye Google Maps. Hakukuwa na uchawi. Watu walipanda gari, wakabonyeza simu kila liliposimama.

Kutoka Kilifi hadi Malindi ni barabara moja. Moja! Wanafunzi wanne wakiwa na simu na nauli, wikendi mbili, wanaimaliza. Waandike matatu inaposimama Gede, njia ya kwenda magofuni, tuktuk zinapopaki, choo kilipo, njia ipi ndani ya magofu ina mizizi na ipi anaweza kupita mtu wa goti bovu. Hiyo ndiyo data. Haina makofi, lakini mama yangu angeihitaji.

Na kuna data nyingine ambayo haitakuja kwa GPS. Ya Mida, kwa mfano. Mvuvi yeyote wa pwani hii anajua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hupwa sana na kujaa sana. Katikati yake ni maji mafu. Anajua pia kwamba saa ya kupwa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Hiyo ni kanuni kamili, wazee wameihifadhi kichwani bila betri. Mimi mwenye shahada ya kompyuta nilipita karibu na wavuvi nikiiuliza simu. Aibu iliyoje!

Kuna watakaosema, "Acha kelele, mtalii ana gari na dereva, yeye ratiba inamtosha." Kwanza haimtoshi, naye atauona mji kwa dakika 40 kama sisi. Lakini hata ingemtosha, swali ni hili: miji hii ni ya nani? Ikiwa programu zote za Gede zinamfikiria mgeni aliyelala hotelini Watamu, basi tumewaambia watu wa Kilifi kimyakimya kwamba ule ukuta bado ni wa kuwazuia wao. Msitu ule ni mahali patakatifu kwa Wamijikenda wanaouzunguka. Haiwezekani mgeni auone na jirani apite na matatu miaka 20.

Wengine watasema, "Ni magofu tu, mawe matupu." Hao siwajibu mimi, atawajibu mama.

Tulirudi, miezi miwili baadaye. Safari hii mpangaji alikuwa yeye. Ratiba yake ilikuwa na mstari mmoja: Gede. Tulipanda matatu alfajiri, tukachukua tuktuk kutoka barabarani, tukaingia kabla jua halijakaza. Tukamlipa mwongozaji, mtu wa vijiji vya jirani, ambaye alitembea kwa mwendo wa mama na si wa saa. Tulikaa karibu saa nne. Mwongozaji alipofika kwenye kisima karibu na msikiti mkuu akaeleza kwamba wataalamu hutaja sababu kadhaa za mji kuhamwa: mashambulizi, na pia maji ya visima kushuka, kwani kisima kile kilichimbwa tena kwenda chini zaidi. Mama akainama, akachungulia kwa muda mrefu. Kisha akasema kisima cha kwa wazazi wake nacho kilichimbwa chini mara mbili, na mara ya tatu watu wakahama. "Kumbe hawa ni sisi," akasema.

Mimi nilinyamaza. Hakuna ratiba ambayo ingenipa sentensi hiyo, na ile ya kwanza ilikuwa imenipokonya.

Kwa hiyo wasomaji, msimamo wangu ni huu, na anayetaka kunipinga anipinge:

1. Siku moja, mji mmoja. Gede peke yake (na Kipepeo, kwa miguu!) inatosha. Malindi iwe na siku yake: makaburi ya minara kando ya msikiti wa Juma, kanisa la Wareno, na nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyefika 1498 na kupata hapo rubani wa kumfikisha India. Kama unakwenda Ijumaa, ipange siku yako kuizunguka swala.

2. Anza na mtu, kisha simu. Muulize mwongozaji, mvuvi, makanga. Mlipe anayestahili kulipwa.

3. Panga kwa kufuata mwili wa aliye dhaifu kuliko wote katika kundi. Yeye ndiye saa yenu.

4. Ukirudi, usiandike tu "nimefurahia". Fungua ramani huria, ongeza kitu kimoja ulichokiona. Kituo. Choo. Kivuli. Kimoja tu.

Mimi nimeanza. Jumapili iliyopita nilishuka Gede nikiwa na simu na chupa ya maji, nikaweka alama ya mahali matatu inaposimama na mahali tuktuk zinaposubiri. Ilinichukua asubuhi moja. Makanga aliniuliza napiga picha za nini, nilipomweleza akacheka, kisha akanitajia vituo vingine vitano ambavyo sikuvijua.

Haya, nani anakuja nami kuweka upande wa Mnarani? Nauli kila mtu ajilipie.