Mbwa Hafuati Mdomo, Anafuata Miguu

 

Leo nataka kuzungumza juu ya mbwa. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Huku kwetu mbwa ni kibao cha "Mbwa Kali" kwenye geti. Ni tusi tunalotukanana nalo. Ni yule koko anayefukuzwa kwa mawe kwenye takataka za soko. Lakini nivumilie, mpendwa, kwa sababu habari hii ikifika mwisho haitakuwa ya mbwa tena. Itakuwa yangu na yako na ya watoto wetu.

Dada mmoja wa kanisa letu ni muuguzi huko Uingereza. Mwezi wa nane alinitumia video kwenye WhatsApp. Binti yake wa miaka 12 alikuwa kwenye kambi ya likizo, yeye na mbwa wao, pamoja na watoto wengine, kila mmoja na mbwa wake. Asubuhi mtoto anamlisha mbwa, anampa maji, anamtembeza, anaokota kinyesi chake mwenyewe bila kutumwa na mama. Halafu wanaingia uwanjani kujifunza mchezo unaoitwa ajiliti.

Kwa wale wasioujua, nieleze kidogo. Uwanjani kumepangwa vizuizi. Kuna fito za kuruka, handaki la kitambaa la kupita ndani, daraja jembamba la mbao, mbao mbili zilizoegemezana kama paa la nyumba, na ubao wa kupinduka kama ule wa bembea za watoto. Kuna pia nguzo 12 zilizosimama kwa mstari, sentimita 60 kati ya moja na nyingine, na mbwa anapenya katikati yake kushoto na kulia bila kuruka hata moja. Yote haya kwa mbio, kwa mpangilio aliouweka mwamuzi, na saa inahesabu.

Mchezo huu ulianza London mwaka 1978, kwenye maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts. Waandaaji walitaka kitu cha kuwafurahisha watu kati ya shindano moja na jingine, wakaiga mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Watu waliupenda, na mwaka 1980 chama cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, kikautambua rasmi. Leo unachezwa nchi nyingi, na watoto wana madaraja yao ya kushindana.

Sasa sikiliza kilichonishika mimi. Yule mtoto anamwongoza mbwa bila kamba. Hakuna mnyororo. Hakuna fimbo. Wakati wa shindano hata kipande cha nyama hakiruhusiwi mkononi. Ana sauti yake, mikono yake, na mwili wake. Basi.

Kwenye ile video mambo yalikuwa yameharibika. Binti anapiga kelele, "Handaki! Handaki!" Mbwa anaruka ufito wa upande mwingine. Anarudia mara ya pili, mara ya tatu, mbwa anafanya vile vile. Mtoto akaanza kulia, akasema mbwa wake hasikii. Kocha hakumgombeza mtoto, wala hakumgusa mbwa. Alimwambia asimame pale pale, asisogee, atazame chini. Miguu yake ilikuwa inaelekea wapi?

Ilikuwa inaelekea kwenye ufito.

Mdomo ulikuwa unasema handaki, lakini mabega na vidole vya miguu vilikuwa vinaelekea kwingine. Na wanaofundisha mchezo huu wanajua jambo moja: maneno na mwili vikipingana, mara nyingi mbwa huuamini mwili. Kumbe mbwa yule hakuwa mkaidi. Alikuwa ametii kabisa. Alikuwa amefuata miguu.

Binti akafuta machozi, akageuza miguu, akakimbia. Mbwa akaingia handakini kama risasi.

Wapendwa, niliitazama ile video mara nne usiku ule.

Mimi ni mchungaji. Kazi yangu ni mdomo. Nahubiri Jumapili, nafundisha Jumatano, naandika hapa asubuhi. Nyumbani nina kijana wa Gredi ya 7, na tuna mbwa mmoja, Simba, koko tuliyemwokota akiwa mdogo. Kijana wangu alipoiona ile video alitaka kujaribu. Tukaweka ufito juu ya ndoo mbili, tukafunga tairi kuukuu kwenye mti, tukachimbia vijiti sita kwa mstari. Nikasema mimi nitaanza, kwa kuwa mimi ndiye baba. Nikaunguruma, "Simba, ruka!" Simba akakimbilia mlango wa jikoni. Nikarudia kwa sauti ya mimbarani. Akaenda tena jikoni.

Kijana akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Baba, tazama miguu yako."

Nilikuwa nimeuelekea mlango wa jikoni.

Tulicheka wote siku hiyo. Lakini siku chache baadaye, wakati wa chakula cha jioni, nilimwambia aweke simu mbali, kwamba mezani ni mahali pa familia. Nikasema hivyo huku yangu iko mkononi, najibu ujumbe wa kamati. Hakubisha. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba, miguu."

Mama yake aliinamia sahani yake.

Nakuambia ukweli, kitu cha kwanza kilichonijia ni hasira. Nilitaka kusema, huu ni utovu wa adabu, unamsemesha nani hivyo? Lakini neno likanikwama kooni, kwa sababu mtoto hakuwa amenitukana. Alikuwa ameniambia ukweli kwa heshima kuliko nilivyostahili. Nikaiweka simu kabatini.

Haya ndiyo maoni yangu leo, na sitayazungushazungusha. Sisi wazazi na viongozi tunasema watoto wa siku hizi hawasikii. Mimi nasema wanasikia vizuri sana, ila hawasikilizi tunachosema. Wanasikiliza tunakoelekea. Unamwambia asiseme uongo, halafu mwenye nyumba anapiga hodi na unamtuma akaseme hauko. Unamwambia aheshimu watu, halafu anakusikia unavyomsemesha msichana wa kazi. Unamwambia pesa si kila kitu, na mezani hakuna habari nyingine ila pesa. Halafu akienda unakoelekea wewe, unasema ameharibiwa na marafiki.

Mchungaji wa kondoo katika nchi za Biblia alitangulia mbele, kondoo wakaja nyuma. Angalia utaratibu huo, mpendwa. Hakukaa nyuma akielekeza kwa kidole.

Kuna mambo mengine mawili katika mchezo huu ambayo yamenifundisha, nayo nitayasema kwa ufupi.

La kwanza ni kosa linahesabiwa vipi. Mbwa akiangusha ufito, ni pointi 5 za makosa. Kwenye daraja na kwenye lile paa, sehemu za chini zimepakwa rangi, na mbwa lazima aikanyage kabla ya kushuka. Imewekwa ili asiruke kutoka juu akaumia. Akiipita hewani, ni pointi 5 tena. Lakini zile pointi haziandikwi kwa mbwa peke yake. Ni za wote wawili. Na mtu akimtendea mbwa wake kwa ukali uwanjani, anaweza kuondolewa kwenye shindano hata kama mbwa amekimbia vizuri namna gani.

Kabla ya kukimbia, waongozaji hupewa muda wa kuingia uwanjani bila mbwa. Utawaona watoto wanatembea peke yao, wananyosha mkono hewani, wanahesabu hatua, wanaikariri njia. Mbwa hajaiona njia ile. Ataingia mara moja tu, kwa kumtegemea aliyetangulia kuipita. Kwa hiyo kocha mzuri, mbwa akipotea, huuliza kwanza: mwongozaji alimwonyesha nini, na alimwonyesha lini? Alichelewa? Aliijua njia mwenyewe?

Mwaka jana niliipata karatasi ya hesabu ya kijana wangu chini ya godoro. Alikuwa ameificha miezi miwili. Nilimpigia kelele kwa sababu ya alama, nikampigia kelele zaidi kwa sababu ya kuficha. Sikujiuliza alijifunza wapi kwamba karatasi kama ile haiwezi kuletwa mbele ya baba yake. Alijifunza kwangu. Muhula uliotangulia nilikuwa nimemfokea mbele ya wageni. Lile kosa lilikuwa letu sote wawili, lakini pointi zote niliziandika kwake.

La pili ni umri. Mbwa haruhusiwi kushindana kabla hajafika miezi 18. Mwenye haraka anaweza kusema mbona ana nguvu, mbona anaruka vizuri. Hapana. Mifupa na viungo vyake bado vinakua, na mruko wa leo unaweza kumlemaza kesho. Akiwa mdogo anafundishwa mambo madogo: kukaa, kungoja, kugeuka, kupenda kuwa karibu na bwana wake. Fito zinalala chini kabisa. Sisi tuna watoto wa miaka 6 wanaoamka saa kumi usiku kungoja gari la shule, na tuition Jumamosi, kisha tunashangaa wakifika kidato wamechoka na vitabu. Ufito una wakati wake, mpendwa. Kuuinua mapema hakumfanyi mtoto awe bingwa.

Sasa najua kuna atakayesema, "Pasta, watu wana njaa, karo haijalipwa, na wewe unatuletea habari za mbwa wa wazungu?" Nakusikia. Sikuambii ununue mbwa wa bei, wala usafiri kwenda kambini ng'ambo. Hata kule Uingereza mchezo huu hauhitaji mbwa mwenye ukoo. Machotara wanashindana, na wengi walikuwa mbwa waliotupwa wakaokotwa. Yule wa binti wa dada yetu ni mmoja wao. Ninachosema ni kwamba kambi zetu za vijana wakati wa likizo zimekuwa za kukaa kwenye viti vya plastiki na kusikiliza watu wazima wakiongea siku nne mfululizo. Mimi mwenyewe nimeongea kwenye hizo kambi. Tunawafundisha vijana uongozi bila kuwapa kitu chochote cha kuongoza.

Mpe mtoto kiumbe hai kinachomtegemea. Awe mbwa, mbuzi au kuku. Kiumbe kile hakijali cheo cha baba yake. Asipokilisha, kina njaa. Akikipiga, kinamkimbia. Akikisemesha kwa upole kila siku, kinakuja mbio. Hakuna mahubiri yangu yanayofundisha hivyo.

Kama una mbwa nyumbani, anzeni na huyo huyo. Mambo ya kwanza yawe chanjo ya kichaa cha mbwa, kuanzia miezi mitatu, na kurudia kila mwaka. Hili si jambo la mzaha. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara ni kifo, na watoto ndio huumwa sana. Nchi yetu ilianza mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na mpango huo unategemea wewe na mimi kupeleka mbwa wakachanjwe. Mtoto akiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje.

Baada ya hapo, dakika tano jioni zinatosha. Ufito chini kabisa, urefu wa kifundo cha mguu. Vipande vidogo vya nyama vya kumtuza akifanya vizuri. Akikosea usimpige, rudieni tu. Msimfundishe wakati wa jua kali, na akichoka muache. Na wewe mzazi, toka nje. Usimtume mtoto peke yake. Simama pale mjifunze wote, na ukikosea mbele ya mwanao, mwache akucheke.

Kijana wangu na Simba sasa wanaweza kuruka fito tatu na kupita kwenye tairi bila neno moja kusemwa. Vile vijiti sita bado vinatushinda. Lakini muhula huu karatasi ya hesabu aliniletea mwenyewe, nikiwa nimekaa pale nje. Alama hazikuwa nzuri. Nilijisikia sauti ikipanda, nikatazama miguu yangu kwanza. Kisha nikamwambia vuta kiti tuangalie pamoja tulipoangusha ufito.

Mpendwa, leo kabla hujamwambia mtoto wako neno lolote, tazama chini. Miguu yako inaelekea wapi? Kwa sababu huko ndiko atakakokwenda.

Mungu akupe neema ya kutangulia, na unyenyekevu wa kugeuka ukigundua umeelekea jikoni. Kama neno hili limekugusa, andika Amina, kisha uweke simu mbali ukakae na watu wako.