Daftari la Wiki: Ukishatoka Mlango wa Uwanja wa Ndege

Majirani wasiotembeleana

Abiria anayetoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, akishafika Barabara ya Nyerere hakosi usafiri. Daladala za Gongo la Mboto zinapita, konda kaning'inia mlangoni anaita Kariakoo, na sanduku linasukumwa mbele kando ya dereva. Likiwa kubwa, nalo linalipiwa nauli.

Ukitazama ramani, uwanja huu umebarikiwa reli. Barabara hiyohiyo, kabla ya kuingia mjini, inapita mbele ya stesheni kuu ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa mwaka 1976 na inayokwenda hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Reli ya kisasa ya SGR nayo, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, ina kituo Pugu, ng'ambo ya uwanja ukitokea mjini.

Lakini mwenye mizigo na watoto hasafiri kwenye ramani. Aliyeshuka kwenye ndege akiwa na safari ya Dodoma mara nyingi hushika njia ya katikati ya mji, apambane na foleni, apande treni, kisha treni imrudishe upande uleule alikotoka na kusimama Pugu. Basi dogo linalofuata ratiba ya treni kati ya Jengo la 3 la uwanja na Pugu lingekuwa na kazi kubwa ya kufanya hapa, na halingehitaji kuchimba hata mita moja ya handaki.

Syokimau

Nairobi ina kisa kinachofanana na hicho. Madaraka Express, treni ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi, ilizinduliwa Mei 31, 2017, na kituo chake kikuu cha Nairobi kikajengwa Syokimau, jirani kabisa na Uwanja wa Jomo Kenyatta. Anayetoka Mombasa kwa treni anaweza kuona ndege zikishuka, ila kuzifikia kunataka teksi au bodaboda. Treni ya kuunganisha ipo, nayo inawapeleka abiria wa SGR katikati ya jiji, kwenye stesheni ya zamani.

Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na wenye magari wakapumua. Asiye na gari ameendelea kutegemea matatu za namba 34, ambazo nauli yake hupanda jioni, na mvua ikinyesha hupanda tena.

Deira kwa metro

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Gikomba wanaifahamu Dubai kwa masoko yake ya Deira. Metro ya huko ilianza Septemba 9, 2009, na Mstari Mwekundu una vituo ndani ya uwanja wa ndege, Terminal 3 na Terminal 1. Mgeni ananunua kadi ya Nol, anaigusisha getini, na anaingia kwenye treni isiyo na dereva. Kutoka Terminal 3 anahesabu vituo: Terminal 1, Al Garhoud, Deira City Centre, Al Rigga, Union. Hapo Union anahamia Mstari wa Kijani, na kituo kinachofuata ni Baniyas Square, katikati ya maduka anayoyatafuta.

Mambo mawili humkwamisha. Kwanza, Terminal 2 haina kituo cha metro, kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya ndege inafaa kuuliza itatua wapi. Pili, mizigo ina kikomo: sanduku moja kubwa na moja dogo. Wakati wa kwenda hilo si tatizo. Wakati wa kurudi na marobota, hakuna ujanja ila teksi.

Siku tatu kabla ya Kombe la Dunia

Treni ya Gautrain ya Afrika Kusini ilifungua njia ya Uwanja wa OR Tambo hadi Sandton Juni 8, 2010, siku tatu kabla ya mechi ya ufunguzi. Kituo kipo ndani ya uwanja, safari inachukua kama robo saa, na mabehewa ya abiria wa uwanja yana nafasi ya masanduku. Anayekwenda Pretoria hubadili treni Marlboro. Afrika imeshaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Linalobaki kusemwa waziwazi ni nauli: ya kituo cha uwanja imepandishwa kuliko ya vituo vingine, na mfagiaji wa uwanja haimudu kila siku.

Nani anasafiri saa tisa usiku

Katika hilo la nauli, uwanja wa Heathrow, London, una la kufundisha. Treni za chini ya ardhi za Piccadilly ziliufikia uwanja huo mwaka 1977, Heathrow Express ikafuata mwaka 1998, na njia ya reli ya Elizabeth ikafunguliwa mwaka 2022. Express inafika Paddington kwa dakika 15 na ndiyo ghali kuliko zote. Piccadilly inachukua karibu saa nzima hadi katikati ya London na ndiyo rahisi. Kila mfuko una njia yake. Treni zikilala, basi la N9 linaendelea hadi alfajiri, na ndani yake mna walinzi, wapakiaji mizigo na wapishi pamoja na wasafiri.

Dar es Salaam na Nairobi nazo hupokea ndege usiku wa manane, na zina walinzi na wapakiaji walewale wanaomaliza zamu saa ambayo daladala na matatu zimeadimika. Mipango ya usafiri wa viwanja hivi ianze na watu hao, kwa sababu mtalii hupita mara moja na wao hupita kila siku.