Waliopigana Bila ya Kuonekana



Mwaka 1940, Uingereza ilipohofu kuvamiwa na Wajerumani, Colin Gubbins aliunda vikundi vya siri vya wakulima na walinzi wa misitu. Walichimbiwa maficho chini ya ardhi, wala hawakuruhusiwa kuwaambia hata wake zao. Wajerumani hawakufika.

Ad Dakhiliyah vita vilifika. Majeshi ya Sultani, yakisaidiwa na Waingereza, yalipoichukua Nizwa Agosti 1957, Imam Ghalib bin Ali, nduguye Talib na Sheikh Sulaiman bin Himyar walipanda Jabal Akhdar na wapiganaji wao. Ndege za Kiingereza zilipowashambulia, walijihifadhi mapangoni. Usiku mabomu yakitegwa ardhini katika njia za magari, na kulipokucha hapana aliyejua nani kapita. Kazi kama hiyo haiwezekani ila watu wa vijijini wanyamaze, nao, naona mimi, ndio wanaosahauliwa katika masimulizi ya vita hivi.

Usiku wa tarehe 26 Januari 1959 askari wa SAS waliupanda mlima. (Ajabu ni kuwa baadhi ya wale watu wa maficho ya Uingereza walijiunga na SAS mwaka 1944.) Viongozi watatu wakatorokea Saudia.

Mwenye mzee aliyekuwapo Nizwa au Birkat al-Mawz siku hizo na amwulize, kwa adabu, akiridhia kusema. Na apitaye Tanuf atazame magofu ya udongo: mji ule ulipigwa mabomu pamoja na falaji lake.