WALIOMCHEKA STAA KWA KIINGEREZA NDIO WALIOCHAPIA

Kuna mwigizaji mmoja wa kike hapa Bongo, jina kapuni, kaklipu kake kamezunguka kila grupu la WhatsApp. Alikuwa kwenye zulia jekundu, mwandishi kutoka nje akamuuliza kwa Kiingereza kazi zinaendaje. Dada akajibu sentensi tatu:

"I am knowing my fans love me. Now I am shoot a new movie. On Saturday I am flying to Mwanza."

Basi watu wakafa mbavu. Stika zikatengenezwa, wengine wakamuigiza. Lakini cha ajabu, sentensi iliyochekwa kuliko zote ni ya tatu. Eti alitakiwa kusema "I will fly", kwa sababu Jumamosi bado na "flying" ni ya mtu aliyeko angani. Kuna aliyetupia picha ya ndege na kuuliza, "Dada unapaa saa hizi?" Komenti hiyo ikapata likes kibao.

Sasa habari ndiyo hii: sentensi ya tatu iko sahihi kabisa. Kwenye Kiingereza, jambo ambalo limeshapangwa, tiketi imekatwa na siku inajulikana, linasemwa hivyohivyo: "I am flying on Saturday." Na hata Kiswahili ndivyo kilivyo. Mtu akisema "Jumamosi nasafiri", nani anamuuliza mbona bado umekaa kwenye kochi?

Yaani umati mzima umemcheka mtu aliyepatia, na aliyeongoza kucheka ndiye aliyechapia.

Sentensi mbili za mwanzo ni kweli alikosea. Ila makosa yenyewe yana sababu, wala sio ujinga. Kiswahili kina kale ka "na" kanakofanya kazi mbili. "Nacheza mpira" inaweza kuwa sasa hivi uwanjani, inaweza pia kuwa ndiyo kazi ya mtu siku zote. Kiingereza kinazitenganisha: "I am playing" ni ya sasa hivi, "I play" ni ya kila siku. Tena hiyo ya sasa hivi inataka vitu viwili kwa pamoja: "am", "is" au "are" mbele, halafu "ing" mwishoni mwa kitendo. Kwenye Kiswahili kila kitu kimejibana ndani ya neno moja, ndiyo maana mtu anabeba kimoja na kusahau kingine. Huyu kasema "I am shoot", mwingine atasema "I shooting". Ugonjwa ni uleule. Sahihi ni "I am shooting".

Na hiyo "I am knowing"? Hapo tena "na" ndiyo iliyoponza. "Najua" na "nacheza" zinafanana kwa Kiswahili, basi kichwa kinazipa "ing" zote. Lakini Kiingereza hakitaki "ing" kwenye mambo ya moyoni na akilini kama kujua, kuamini, kutaka na kupenda. Ni "I know", basi. Hata "have" ina vituko vyake: "I am having lunch" ni sawa kwa sababu mtu anakula, ila "I am having a car" sio sawa, kwa sababu kumiliki gari sio kitendo kinachoendelea.

Njia rahisi ya kujipima ni hii. Kama neno "huwa" linaingia, mfano "huwa naenda gym", tumia "I go". Kama "sasa hivi" ndiyo inaingia, tumia "I am going". Kama ni jambo la moyoni, acha "ing" ipumzike.

Halafu kuna kitu cha kuchekesha zaidi. McDonald's, kampuni ya Kimarekani, tangu mwaka 2003 inajitangaza kwa maneno "I'm lovin' it". Ukifuata sheria ya darasani, "love" haipewi "ing". Lakini wenyewe wakivunja sheria inaitwa ubunifu. Mbongo akiivunja inaitwa hajasoma.

Na hilo la kusoma nalo liangaliwe vizuri. Wengi waliokulia shule za msingi za serikali walisoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza baiolojia, jiografia na historia zote zikageuka Kiingereza. Wengine walikariri ili wafaulu, kuongea hawakuwahi kuongea. Mtu wa namna hiyo akisimama mbele ya kamera na kujibu bila mkalimani, huyo ana roho ngumu.

Kicheko hiki kina hasara. Huyo dada amefunga komenti, na kwenye mahojiano yaliyofuata alikuja na meneja wa kumjibia. Kesho dili la nje likija, linataka mtu wa kujieleza mwenyewe, litampita. Na sio yeye tu. Yupo binti wa kidato cha pili aliyeiona ile klipu na zile komenti zote. Mwalimu akiuliza swali kwa Kiingereza, atanyoosha mkono kweli? Atakaa kimya, na lugha haifundishiki kwa mtu aliyekaa kimya.

Hii haina maana mastaa wapigiwe makofi kwa kuchapia. Mtu anayeishi kwa mdomo wake atenge muda ajifunze, mwalimu wa nusu saa kwa siku hamshindi mtu anayelipia kope na kucha. Na kama ngeli haijakaa sawa, ajibu kwa Kiswahili kwa kujiamini, mwandishi atatafuta wa kumtafsiria. Lakini anayejaribu aachwe ajaribu. Na anayetaka kumrekebisha mwenzake hadharani, kwanza ahakikishe anachorekebisha kimekosewa kweli.

Wadau mnasemaje? Nani alistahili kuchekwa hapo, aliyejibu au waliomsahihisha? Tiririkeni kwenye komenti, ngeli ya aina yoyote ruksa.