Weka Redio Mezani: Neno kwa Bibi Harusi Anayekwenda Uingereza



Kila mwaka wapo mabinti zetu wanaotoka ukumbini na henna bado mbichi mikononi, wakafunga mabegi kuwafuata waume zao Uingereza. Tunawafunda mengi: kupika, kujipamba, kutunza siri ya nyumba, kustahamili baridi. Lakini hatujawahi kumsikia kungwi akimweleza mwari habari za kriketi. Na ikiwa huyo mume amekulia kule, akasoma na watoto wa Kipakistani na wa Kihindi, basi kiangazi kikiingia bibi harusi atajikuta ana mke mwenza anayezungumza kutwa nzima ndani ya redio.

Msimamo wetu ni huu: mke mwenza huyo mkaribishe. Cha kukataa ni hedifoni.

Kwanza ujue unachokutana nacho. Mechi ya Test huchezwa siku 5. BBC ina kipindi chake, Test Match Special, kinachoitangaza mpira kwa mpira tangu mwaka 1957. Mchezo kwa kawaida huanza saa 5 asubuhi na kuendelea mpaka saa 12 jioni, au kupita kidogo. Ukihesabu siku tano namna hiyo, utaona kwa nini mwanamke asiyejua kinachosemwa anaweza kulia chooni.

Lakini si matangazo ya kelele kama ya mpira wa miguu tunaoujua. Ni mazungumzo ya barazani. Baina ya mpira mmoja na mwingine kuna nafasi, na nafasi hiyo watangazaji huijaza kwa lolote wanaloliona: wingu linalokuja, njiwa waliotua uwanjani, basi linalopita nje, kofia ya mtazamaji. John Arlott, aliyetangaza mpaka mwaka 1980, alikuwa polisi na mshairi kabla ya kuwa mtangazaji, na lahaja yake ya Hampshire hakuificha. Televisheni haina haja ya kukueleza kitu, kwani inakuonyesha. Redio lazima iseme. Kwa binti aliyefaulu Kiingereza cha darasani lakini jirani akimsalimu anabaki kutabasamu tu, hii ni shule isiyo na ada, na anaisoma huku anakuna nazi. (Nazi ya kopo, maskini, lakini ndiyo hiyo.)

Na saa zake zinatufaa kuliko watu wanavyodhani. Mapumziko ya chakula huwa saa 7 mchana, dakika 40, na kiangazi adhuhuri ya London huingia karibu na hapo hapo. Mapumziko ya chai ni dakika 20. Alasiri ndiyo mtihani, kwa sababu mwezi wa sita huingia baada ya saa 11, mchezo umekolea. Mume anayesubiri wiketi ianguke ndipo asimame kuswali, hilo ni jambo la kuzungumza naye kwa upole, wala si kosa la redio.

Wako watakaotuambia haya ni mambo ya upuuzi na kamari. La kamari tunalichukulia kwa uzito, maana michezo ya siku hizi imejaa makampuni ya kubeti. Ila BBC ndani ya Uingereza haibebi matangazo ya biashara, kwa hiyo hakuna sauti itakayoingia jikoni kwako kumshawishi mumeo aweke pesa. Vituo vya biashara ni habari nyingine, na huko mkono uwe karibu na kitufe.

Wala si baraza la wanaume peke yao tena, ingawa kwa miaka mingi lilikuwa hivyo, na bado utasikia mzaha wa wazee waliosoma pamoja. Mwaka 1998 Donna Symmonds, mwanasheria wa Barbados, alikuwa mwanamke wa kwanza kutangaza katika kipindi hicho. Mwaka 2007 akaja Alison Mitchell. Isa Guha na Ebony Rainford-Brent, wote wawili waliochezea Uingereza, wamekaa hapo kuchambua, na mechi za wanawake nazo hutangazwa.

Halafu keki! Tangu enzi za Brian Johnston wasikilizaji hupeleka keki kwa watangazaji, na mwaka 2001 hata Malkia Elizabeth aliwapelekea. Keki zao za matunda makavu nyingi huloweshwa brandi, kwa hiyo ukitaka kuiga, loweka zabibu zako usiku kucha katika chai ya rangi yenye iliki na juisi ya chungwa. Mpe mume kipande wakati wa mapumziko ya chai, uone.

Sasa tuje kwenye hedifoni, ambazo ndizo zilizotufanya tuandike. Zamani matangazo haya yalipatikana kwenye masafa marefu, kwa redio yoyote ya zamani iliyokaa juu ya friji. Yakiwashwa, nyumba nzima inasikia: bibi, watoto, mgeni aliyepita. Mwaka 2023, baada ya mfululizo wa Ashes wa kiangazi kile, BBC ikayaondoa huko. Sasa ni redio ya dijitali au simu. Simu ni ya mtu mmoja, na mwenye nyumba ya vyumba viwili asiyetaka kumsumbua mkewe huvaa hedifoni. Anadhani anafanya adabu. Mke aliyetoka nyumba ya watu kumi na wawili, yenye sauti tangu alfajiri, anakaa na mtu anayecheka peke yake, na akimsemesha hajibiwi mpaka aguse bega. Dada zetu wametusimulia haya zaidi ya mara moja, na hakuna hata mmoja aliyesema tatizo ni kriketi.

Kwa hiyo, bibi harusi, usimwambie azime. Mtu aliyefanya kazi ya zamu juma zima ana haki ya starehe yake ya halali. Mwambie avue. Redio ndogo ya dijitali iingie kwenye orodha ya vyombo vya nyumba, kama zinavyoingia sufuria na mashuka, na makao yake yawe jikoni. Kisha muulize swali moja tu: "Nani anapiga?" Atakujibu kwa nusu saa.

Ikiwa yote haya yanakutisha, anza na siku ya mvua. Mchezo husimama, turubai zikafunika uwanja, na watangazaji wanaendelea kuzungumza vile vile, habari za vyakula, safari na wachezaji wa zamani, bila mpira hata mmoja kurushwa.