UCHAMBUZI: Junghans yafufuka, lakini kipimo cha riadha chabaki mikononi mwa wengine

Mnamo Septemba 2, 1972, katika uwanja wa Olimpiki wa Munich, Ujerumani Magharibi, fainali ya mbio za mita 800 ilimalizika kwa namna ambayo macho ya binadamu pekee yasingeweza kuiamulia. Mmarekani Dave Wottle, aliyekimbia na kofia kichwani na aliyekuwa mkiani katika mzunguko wa kwanza, alimpiku Yevgeny Arzhanov wa Muungano wa Kisovieti kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Mkenya Mike Boit aliwafuata unyounyo na kutwaa shaba.

Mpima muda rasmi wa michezo hiyo alikuwa Junghans, kampuni ya saa kutoka Schramberg, mji mdogo ulio bondeni katika eneo la Msitu Mweusi kusini magharibi mwa Ujerumani. Kampuni hiyo ilikaribia kuzikwa mwaka 2008, ikaokolewa, na jina lake limerudi katika maduka ya saa kwa heshima. Miongoni mwa bidhaa inazozinadi ni saa za mkono zinazobeba jina la 1972. Hata hivyo, wanaopima mbio siku hizi ni wengine kabisa. Ndipo linapozuka swali la ni kitu gani hasa kilichofufuliwa.

Ili kulijibu, sharti kurejea nyuma. Erhard Junghans alianzisha kiwanda hicho mwaka 1861. Kufikia mwaka 1903 ndicho kilichokuwa kikubwa zaidi duniani katika utengenezaji wa saa, kikiwa na wafanyakazi zaidi ya 3,000 na kutoa saa zaidi ya milioni tatu kwa mwaka. Nyingi zilikuwa saa za bei ya mlalahoi: za ukutani, za mezani, za kuamshia watu alfajiri. Umaarufu wa michezo ulikuja baadaye sana, na uliwezekana kwa kuwa tayari palikuwapo mji mzima wa mafundi waliozoea kugawa sekunde.

Kupima mbio si jambo dogo kama linavyoonekana na mtazamaji. Mwamuzi mwenye saa ya kubonyeza hukawia kidogo kati ya kuona na kubonyeza, na ukawiaji huo hutofautiana kutoka kidole hadi kidole. Mwanariadha wa masafa mafupi anayekwenda mita 10 kwa sekunde hupita sentimita 10 katika sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa hivyo, kosa dogo la kidole linaweza kumnyima mtu nishani. Dawa ilikuwa kuunganisha bastola ya kuanzishia mbio na saa ya umeme, kisha kuweka kamera kwenye mstari wa kumalizia, ili mtambo uanze na kusimama bila kusubiri mkono wa mtu.

Usahihi huo nao ulizua kizaazaa Munich. Katika bwawa la kuogelea, Gunnar Larsson wa Sweden na Mmarekani Tim McKee walimaliza mita 400 za mitindo mseto wakiwa sawa hadi sehemu ya mia ya sekunde. Waamuzi wakaenda sehemu ya elfu: dakika 4:31.981 dhidi ya 4:31.983. Larsson akapewa dhahabu. Kwa mwendo waliokuwa nao, tofauti hiyo ilikuwa takriban milimita tatu za maji, na hakuna fundi awezaye kuapa kwamba vijia viwili vya bwawa vimelingana kwa kiwango hicho. Baadaye sheria za uogeleaji zilirudishwa kwenye sehemu ya mia, na wanaolingana hapo hugawana nishani. Mtambo ulikuwa umepita uwezo wa bwawa lenyewe.

Kwa msomaji wa Kenya, mwaka huo una majina mengine. Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Ben Jipcho akiwa wa pili. Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang walitwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 kwa wanne. Jirani yao, John Akii-Bua wa Uganda, aliruka viunzi vya mita 400 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Bila mtambo wa umeme, mia hizo mbili za mwisho zisingalijulikana.

Kilichofuata kwa Junghans si hadithi ya uzembe. Kampuni hiyo haikulala wakati saa za kwatsi zilipoanza kuzitimua saa za kamani miaka ya 1970. Ilikuwa miongoni mwa za mwanzo Ujerumani kuzitengeneza. Mwaka 1990 ilitoa saa ya kwanza ya mkono duniani inayojirekebisha kwa mawimbi ya redio, iliyoitwa Mega 1. Tatizo ni kwamba kwatsi iliufanya usahihi kuwa kitu rahisi. Saa ya bei ya chini kutoka Asia ilipima muda vizuri kuliko saa ya kamani ya fundi bingwa, na kiwanda kilichoishi kwa kuuza usahihi kikakuta bidhaa yake imejaa sokoni kwa bei ya chee.

Mwaka 2000 mmiliki wake, kundi la Diehl lililokuwa nayo tangu 1956, liliuza kitengo cha saa za mkono kwa EganaGoldpfeil, kampuni iliyosajiliwa katika soko la hisa la Hong Kong. Jambo lisilosemwa sana katika masimulizi ya ufufuo huu ni kile ambacho Diehl haikuuza. Ilibaki na kitengo cha fyuzi, yaani vifaa vinavyoamua kombora lilipuke lini, ambacho hadi leo kinafanya kazi kikiwa kampuni tofauti yenye jina hilohilo la Junghans. Kwa macho ya mfanyabiashara, stadi ya kugawa sekunde ilikuwa na thamani kubwa zaidi ndani ya risasi ya mzinga kuliko kwenye kifundo cha mkono.

EganaGoldpfeil iliporomoka, na Agosti 2008 Junghans ikawasilisha ombi la kufilisika. Mwanzoni mwa 2009 ilinunuliwa na Hans-Jochem Steim na mwanawe Hannes. Hawa hawakuwa matajiri wa mbali waliotafuta jina la kulipamba. Steim aliongoza Kern-Liebers, kampuni ya Schramberg iliyoanzishwa mwaka 1888 kutengeneza kamani za saa. Kwa maneno mengine, muuza kamani alimnunua jirani yake aliyekuwa akitengeneza saa.

Hapa ndipo ufufuo huu unapotofautiana na mingi inayovumishwa katika biashara ya saa, ambapo mtu hununua jina lililokufa, akaagiza saa kwingineko na kulibandika. Saa za Junghans zingali zinaunganishwa Schramberg. Jengo la kiwanda la mwaka 1918, lililopandishwa ubavuni mwa kilima kwa ngazi tisa ili kila fundi apate mwanga wa dirisha, lilikarabatiwa na kufunguliwa kuwa makumbusho ya saa mwaka 2018. Kwa mji uliowahi kuishi kwa kiwanda kimoja, hilo si pambo tu.

Lakini pia si kiwanda cha 1903. Mitambo ya ndani ya saa zake nyingi za kamani asili yake ni Uswisi. Saa zinazoipa sifa kubwa zaidi ni zile za umbo sahili zilizobuniwa na Max Bill, msanii wa Uswisi, kuanzia mapema miaka ya 1960, na mnunuzi wake huvutiwa na sura kuliko sekunde. Olimpiki nayo imekwenda. Omega, iliyoanza kazi hiyo Los Angeles mwaka 1932, ina mkataba unaofika 2032. Jijini Paris mwaka 2024 ilitumia kamera inayonasa hadi picha 40,000 kwa sekunde, na ndiyo iliyobainisha kwamba Noah Lyles alimshinda Kishane Thompson wa Jamaica katika mita 100 kwa sekunde 9.784 dhidi ya 9.789. Kampuni ya ukubwa wa Junghans haina mtaji wala maabara za kushindana na hilo, na haijidai kuwa nayo.

Kinachouzwa kwa jina la 1972, basi, ni kumbukumbu. Si kosa kuuza kumbukumbu, ila hii ni ya kuchagua. Mwaka huohuo, mjini humohumo, wanamichezo na makocha 11 wa Israeli waliuawa baada ya kutekwa na wavamizi Wapalestina katika kijiji cha Olimpiki. Rangi na furaha ya michezo hiyo zinaingia vyema kwenye uso wa saa. Lile jingine haliingii, na huenda hakuna njia ya heshima ya kuliingiza.

Mnunuzi anayetaka usahihi wenyewe bado anaweza kuupata Schramberg, tena mara nyingi kwa bei ya chini kuliko saa ya kamani inayoweza kupotoka sekunde kadhaa kwa siku. Saa za Mega hupokea mawimbi kutoka kituo cha Mainflingen karibu na Frankfurt, kinachoongozwa na saa za atomiki. Mawimbi hayo hufika takriban kilomita 2,000. Jijini Nairobi saa hiyo haisikii chochote na huenda kama kwatsi ya kawaida, isipokuwa zile za miaka ya karibuni ambazo mwenyewe huzitia majira kwa programu ya simu.